Ndege Zilizoruka Kalemie na Kuanguka Pepa

Siku ya kwanza kazini niliingia atelye, karakana ya ndege, na diploma yangu kwapani, ingawa hakuna aliyeiomba. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimeshuka bandarini Kalemie kutoka Mpulungu, baada ya miaka sita ya kujisomesha mwenyewe Zambia kwa kukarabati redio sokoni. Shefu wa atelye, mtu mfupi mwenye kucha nyeusi za gundi, aliisoma mstari kwa mstari, kisha akaiweka juu ya debe la misumari.

"Karibu, Papa Injenia. Apa ndege inajua mikono, aijui karatasi."

Sikukasirika. Nilijua baada ya mwezi angeniita hivyo bila mzaha, na ndivyo ilivyokuwa.

Ninyi mnaorusha mashine za siku hizi, zinazojiongoza zenyewe, hamjui sisi tulivyotoka jasho. Huduma yetu ya mifugo ilipiga picha za malisho kwa ndege ndogo za mbao, mabawa mita mbili, zilizoongozwa kwa redio kutoka chini. Kazi yangu ilikuwa kuunganisha viungo vya uongozi. Tumboni mwa ndege kuna mota ndogo iitwayo servo, yenye mkono unaokwenda mbele na nyuma. Mkiani kuna kibao chenye bawaba: kikiinuka, pua inainuka, kikiinama, pua inainama. Chini ya kibao unafunga kipembe chenye matundu, na kati ya mkono wa servo na kipembe unapitisha fimbo. Ukichagua tundu la karibu na bawaba, kibao kinasogea sana; la mbali, kinasogea kidogo. Na fimbo isilegee hata unene wa ukucha, maana mkia ukianza kutetemeka hewani, utang'oka.

Shefu alitumia fimbo za mwanzi zilizofungwa spoku za baiskeli kwenye ncha zote mbili. Mimi nilileta fimbo za plastiki zinazoteleza ndani ya mrija, kama nilivyojifunza ng'ambo, na mwanzi wake nikauita takataka za kijiji, mbele ya watu. Ndege zangu ziliruka vizuri mno. Zikipita juu ya ufuko, wapakiaji wa bandarini waliweka magunia chini kutazama.

Ndipo Direkteri, mkuu wa huduma, akatupeleka Pepa, juu kwenye nyanda za Marungu, kupiga picha za malisho ya ng'ombe. Tulikwenda na ndege mbili. Asubuhi ya kwanza, ukungu ukiwa bado umelala kwenye majani, nilirusha moja bila kutazama mkia. Nilikuwa nimeshautazama Kalemie, ningeutazama mara mbili wa nini? Ndege ilitoka mkononi, ikainamisha pua, ikachimba ardhi kama jembe. Ng'ombe walikimbia. Wachungaji walicheka mpaka wakakaa chini.

"Kumbe diploma inarukaka Kalemie tu?" Shefu aliuliza.

Direkteri hakucheka. "Imebakia moja. Na ile ikianguka, ninaita fundi wa Kinshasa, na weye unarudia kule ulitoka."

Mama yangu alikuwa ameshatangazia mtaa mzima kwamba mwanawe amerudi na haondoki tena. Ningepita wapi?

Niliikagua ndege ya pili. Kibao cha mkia, nilichokiacha kimenyooka Kalemie, kilikuwa kimeinama upana wa kidole. Nikazungusha kibano cha ncha ya fimbo, kuirefusha, mpaka kibao kikanyooka. Saa sita mchana kilikuwa kimeinuka. Nikakirudisha. Kesho yake asubuhi kimeinama tena. Nilibadilisha servo, nikabadilisha betri, nikalaumu redio.

Mama Kapya, mwenye zizi tulilopiga kambi kando yake, alikuwa akichemsha maziwa. "Papa, acha kuisumbua. Iyo mukia inasikia baridi. Ata siye asubui tunajikunjaka."

Wote walicheka. Mimi niliacha kucheka kabla yao. Niliisogeza ndege karibu na moto wake, na machoni petu kibao kikaanza kuinuka, polepole, kama mtu anayeamka. Plastiki hufupika kwa baridi, mwanzi mkavu haufupiki. Ikifupika, huvuta kipembe, na kibao huinama. Kalemie hakuna baridi ya kumfundisha mtu jambo hilo.

Nikamwendea Shefu. "Mwanzi mukavu unapatikana wapi huku?"

"Mwanzi gani? Ule wa takataka?"

"Ule ule."

"Sema kwa nguvu, Direkteri asikie."

Nikasema kwa nguvu. Mume wa Mama Kapya akatoa spoku mbili za baiskeli yake akinung'unika, nasi tukafunga fimbo mpya palepale. Asubuhi iliyofuata, midomo yetu ikitoa moshi, nilitazama mkia mara tatu na kurusha. Ndege ilipanda, ikazunguka juu ya ng'ombe, ikapiga picha zote, ikatua miguuni pangu.

"Utabakia," alisema Direkteri.

Nilibaki. Nilitumwa Niemba, nikatumwa Piana-Mwanga, na mwishoni nikastaafu nikiwa mimi ndiye Shefu wa atelye. Mwanzi niliusifia kila mahali, na ikiwa wengine walidhani niliubuni mimi, sikuwa na muda wa kumsahihisha kila mtu.

Vijana huniuliza kama siku ile Pepa niliona aibu. Niliiona. Ilidumu kama dakika ishirini. Kuizuia isizidi hapo ni ufundi wangu mwenyewe, hakuna shule iliyonifundisha.