Baba Anaitwa Mtoro, na Sababu ni Mimi

Haya sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu tunayeketi naye benchi moja darasani. Admin wa ukurasa huu, ficha jina langu na jina la avenue yetu, mtaa wetu, tafadhali. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, ninaishi hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, na baba yangu. Mama alifariki nikiwa bado shule ya msingi. Mimi si mtu wa maneno. Profesa, mwalimu wetu wa sekondari, akiniuliza swali kwa Kifaransa, jibu ninalo lakini mdomo unakataa. Kwa kuandika ndipo ninapata nguvu kidogo, na kuandika ndiko kumeniingiza katika taabu hii.

Baba alikuwa askari. Alipoenda kufuatilia mambo ya kustaafu kwake, alikuta dosie yake, faili lake la jeshi, imeandikwa "déserteur", yaani mtoro, kwamba aliacha kikosi chake kule milimani, juu ya Minembwe, akapotea. Watu wanafikiri analilia pesa. Hapana. Mwaka jana tulimzika mmoja wa wenzake. Askari wazee walijipanga kando ya sanduku na kofia zao, kama wanavyofanya kila wanapomsindikiza mwenzao. Baba akaenda kujipanga nao. Mmoja akamwambia, wala hakupaza sauti, "Mzee, huku ni kwa bale balibakiaka ku vita. Batoro banasimamaka na bamama." Wengine wakacheka. Baba akavua kofia, akaja kusimama katikati yetu sisi wanawake, akakaa hapo mpaka kaburi likafunikwa. Tangu siku ile haendi tena kwenye msiba wa askari.

Huko biro, ofisini, walimwambia dosie inaweza kusahihishwa, ila aeleze alikuwa wapi, na mtu wa kikosi chake atie alama ya kidole kama shahidi. Ombi lazima liwe kwa Kifaransa. Baba hajui Kifaransa, kwa hiyo mimi ndiye ninayeandika. Aliniambia, "Andika nilishikwa na malaria, nikalala kwa batu." Nikaandika. Ombi likarudishwa: hakuna karatasi ya hospitali, hakuna shahidi.

Basi akamwita mtu pekee wa kikosi chao aliyebaki hai, mzee anayeuza samaki kule Kazimia. Alifika wiki hii kwa mtumbwi wa injini. Baba akatoka kumnunulia Fanta. Mimi nilikuwa ninampakulia bukari, ugali wetu, naye ananitazama tu, anatabasamu.

"Kumbe njo weye," akasema. "Ule mutoto wa mu kasha ya masasi. Ulilia sana, we mutoto. Tuliogopa utatuitia adui."

Nikacheka, nikidhani ni utani wa wazee. "Kasha gani, papa?"

Akaacha kutabasamu. "Hakukuambiaka?"

Maneno yalikuwa yameshatoka, hakuweza kuyarudisha. Akanieleza kwa sauti ya chini. Walifika kwenye kijiji kidogo cha wafugaji, nyumba zikiwaka. Baba akasikia kitu kinalia ndani ya kibanda cha ndama. Ni mimi. Komanda akamwambia, "Mushushe kule chini Baraka, halafu urudi." Baba akaniweka ndani ya kasha tupu la risasi, akanibeba begani mpaka Baraka, kwa mke wake ambaye hakuwa amejaliwa mtoto. Komanda akauawa kabla baba hajarudi, na ile ruhusa hakuwa ameiandika popote.

Nikamuuliza, "Nani alichoma zile nyumba?"

Mzee akaangalia bukari yake. Akasema, "Baba yako anarudia ku nyumba, mama. Leta maji ya mikono."

Nilipokwenda nyuma ya pazia niliwasikia. Mzee akasema, "Mi niko tayari kutia kidole, lakini ku ile ya kweli. Malaria hapana."

"Basi rudia ku samaki zako," baba akajibu. "Dosie ibakie vile iko."

"Utazikwa mutoro?"

"Nitazikwa."

Kwa hiyo mimi ni wa wale watu wa milimani, wafugaji ambao wengi hapa huwaita adui. Hapa kwetu wakitajwa, watu hushusha sauti. Darasani ninajua yote yanayosemwa juu yao, na nimewahi kuyacheka pamoja na wengine. Sasa nikijitazama kwenye kioo ninatafuta sura ya mtu nisiyemjua. Na baba akisinzia mchana kwenye kiti, husema, "Nyamaza, mutoto, nyamaza." Miaka yote nilidhani ni ndoto za vita tu. Siku hizi akisema hivyo ninatoka nje, siwezi kusikiliza.

Mzee bado yuko kwa ndugu zake hapa mjini, anangoja mtumbwi wa kurudi. Ninaweza kuandika ile ya kweli kwa Kifaransa, nimsomee mzee atie kidole, na baba atasaini akidhani ni malaria. Atarudi kusimama na wenzake. Lakini karatasi hiyo itapita mikono mingi, na siku jirani wakijua mimi ni nani, sijui nyumba yetu itakuwaje. Tena nitakuwa nimemwibia saini yake. Nikinyamaza, atakufa na jina hilo kwa ajili yangu. Na kuna lile swali ambalo mzee hakulijibu. Wao walizikuta nyumba zinawaka, au? Ninampenda baba yangu, na ninaogopa kumuuliza.

Ninyi mlio wazazi, na ninyi mliolelewa na wasiowazaa, nishaurini. Niandike, au ninyamaze?

Simu hii ni yetu sisi wawili. Kila nikisikia ndala zake uani ninaufunga ukurasa huu haraka. Ninazisikia sasa, anakaribia mlango. Kifaransa hasomi, lakini Kiswahili anasoma vizuri kabisa. Ninawatumia hivi hivi, na simu ninaiweka mezani, ukurasa huu ukiwa wazi, aukute.