Evelina wa Igogo na Bomba Lililofungwa

Kayenze, kando ya ziwa, ndiko alikozaliwa Evelina Ng'washi, tarehe mbili Februari mwaka 1974, mtoto wa tatu wa mzee Mashimba, mkulima wa pamba na mihogo, na mkewe Odeta. Walimbatiza akiwa na siku tisa. Kanisa bado halijasema neno juu yake, na sisi hatulitangulii Kanisa. Tunasimulia tu yale ambayo watu wa mlimani Igogo waliyaona kwa macho yao, maana wakubwa wangependa yasahaulike.

Mama yake Odeta hakujua kusoma. Alikuwa na desturi moja, kwamba kila asubuhi kabla ya kuvuka kizingiti alisimama, mguu mmoja ndani mmoja nje, akasema, "Baba, leo unanipeleka wapi?" Kisha akanyamaza kidogo, ndipo akaenda. Mwaka wa ukame, Evelina akiwa na miaka kumi na mmoja, chakula kilikwisha kabisa nyumbani. Mama akasimama mlangoni, akauliza, na badala ya kwenda shambani akashika njia ya ziwani bila kujua kwa nini. Huko akakuta wanawake wanaanika dagaa na mwenzao ameugua. Wakampa kazi siku hiyohiyo, na watoto wakala. Evelina alilishika hilo moyoni. Alisema baadaye kwamba siku ile ndipo alipojua Mungu yuko kazini tangu asubuhi, hangoji kuamshwa.

Mwaka 1996 aliolewa na Shigela, mpasua mawe, wakahamia Igogo, juu kabisa kwenye miamba. Nyumba za huko zimekaa juu ya mawe kama kuku juu ya mayai. Ziwa unaliona lote, lakini maji ya kunywa huna. Wanawake walishuka na madumu mpaka ufukweni, palepale mifereji ya mji inapomwaga uchafu, wakapanda nayo kichwani. Mwaka 2003 mtoto wao wa kwanza, Jonathan, aliharisha siku mbili, akafa. Alikuwa na miaka minne. Shigela hakuingia kanisani mwaka mzima. Evelina alilia kama mama yeyote, lakini kesho yake alisimama mlangoni akauliza swali lake, lile alilorithi kwa mama yake. Mumewe akamkemea, "Unamuuliza nini tena huyo? Hujaona alikokupeleka?" Akajibu, "Sijui, Baba Jonathan. Lakini siwezi kutembea peke yangu."

Tangu siku hiyo akaanza kuchemsha maji. Kila jioni sufuria kubwa lilikuwa jikoni, na asubuhi akayagawa kwa wagonjwa, kwa wazazi waliojifungua, kwa bibi Adoyo wa Mara aliyekuwa haoni na hana mtu. Shigela alinung'unika juu ya mkaa, na chai yake ilipoa mara nyingi mke akiwa bado kizingitini. Alifanya hivyo miaka kumi na sita. Wakubwa wa mtaa walipita, wakanywa, wakasifu, wakashuka.

Mwaka 2019 bomba lilijengwa mlimani. Koki nne, sakafu ya saruji, ukuta umepakwa rangi ya bluu. Oktoba fundi alifungulia kujaribu, maji yakatoka meupe kama maziwa, watu wakapiga vigelegele. Kisha mwenyekiti wa mtaa, mzee Chenge, akaweka mlango wa chuma na kufuli, akafunga utepe mwekundu. Kwa nini? Kwa sababu mgeni rasmi hajaja kuzindua. Mgeni alipangiwa Novemba, hakuja. Akapangiwa Desemba, hakuja. Januari akatuma salamu. Ndivyo wanavyotutawala: maji yako hapo, kiu iko hapo, katikati yake umewekwa utepe.

Winnie, jirani, alikuwa akilipita bomba hilo na dumu lake anacheka, "Mtazameni bibi harusi wetu! Kapambwa, kakalishwa, bwana harusi hajulikani."

Februari kipindupindu kikaingia. Evelina alikwenda kwa mwenyekiti asubuhi tisa mfululizo, na Shigela alimsindikiza, akasimama nyuma.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, Mama Jonathan. Umekuja tena? Wewe si mtu wa sala? Sali basi, umwachie Mungu."

"Nimemwachia, mwenyekiti, naye maji amekwisha kuyaleta. Yamepanda mlima wote ule mpaka juu. Iliyobaki ni kazi ya ufunguo wako."

"Mgeni akikuta bomba limetumika, nitamwambia nini?"

"Mwambie watu wako hai."

Chenge akacheka, akaingia ndani. Jumapili alikaa benchi la mbele, na Padre akahubiri juu ya uvumilivu. Uvumilivu! Wakati huo tulikuwa tumekwisha kuzika watu wanne.

Asubuhi ya tarehe tatu Machi 2020 Evelina alisimama kizingitini kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akageuka. "Baba Jonathan, leo ananipeleka bombani. Lete nyundo."

Shigela alikuwa na nyundo inayopasua jabali. Tangu ujana wake alikuwa akivunja mawe ya mlima ule. Akasema, "Unataka nifungwe?" Hakwenda. Ndivyo ilivyokuwa, na haifichwi hapa. Evelina aliibeba mwenyewe kwa mikono miwili, akapanda nayo, akapiga kufuli mara tatu, likaachia. Watu walichota tangu asubuhi mpaka jua linazama, kwa madumu, mabeseni, hata vikombe vya chai. Ndipo Chenge akaja na mgambo. Wakamlaza mahabusu siku mbili, na mlango wakauchomelea kabisa.

Alirudi, akakuta pipa lake moja limejaa, lile ambalo Winnie alimjazia siku kufuli lilipovunjwa. Kwa pipa hilo aliwanywesha wagonjwa wa nyumba kumi na moja, siku nane. Shigela ndiye aliyechota. Shule hakufika mbali, lakini pipa analijua: lilipaswa kukauka siku ya pili. Kila asubuhi alipochungulia, maji yalikuwa palepale kwenye kovu la kutu. Bibi Adoyo, aliyekuwa amekwisha kukata kauli, alikunywa akainuka, na hata leo anaishi.

Tarehe kumi na tatu Evelina mwenyewe akashikwa na ugonjwa, kwa kuwa aliwafulia wagonjwa kwa mikono mitupu. Barabara hakuna, wakamshusha kwa shuka. Zahanati hawakuwa na dripu. Mhudumu akasema wakanunue. Kabla Shigela hajarudi kutoka dukani, Evelina alikuwa amelegea. Mumewe alimwinamia akiwa anamlaani Mungu waziwazi, akamsikia akisema, "Usigombane na Mungu, Baba Jonathan. Yeye alifika mapema. Gombana na kufuli." Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Alikuwa na miaka arobaini na sita.

Makaburini Chenge alisimama kutoa salamu. "Ndugu zangu, ni mapenzi ya Mungu—"

"Mwenyekiti," Shigela akamkata, "usimsingizie Mungu."

Kisha akaondoka pale, udongo bado mikononi, akapita nyumbani, akachukua nyundo na mtaimbo. Watu wote wa mazishi walimfuata, wanawake wakiwa bado wamejifunga kanga kiunoni, bibi Adoyo akiongozwa na Winnie. Mlango uling'oka. Mgambo walifika, wakahesabu watu, wakarudi walikotoka. Toka siku hiyo hakufa tena mtu mlimani kwa ugonjwa ule.

Mgeni rasmi alikuja Agosti. Walifunga utepe mpya mbele ya maji yaliyokuwa yanatiririka, akaukata, wakapiga makofi, na jina lake liko pale kwenye jiwe. Hakuna anayelisoma. Watu husema, naenda kwa Evelina.

Anayetaka kumfuata asianze na mambo makubwa. Asimame kizingitini asubuhi, aulize anapelekwa wapi, na aende. Shigela sasa husimama hapo kila siku, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Mara nyingi hasikii kitu. Basi hubeba dumu la bibi Adoyo, akapanda. Na mtu akikuta njia ya Mungu imefungwa na kufuli la mwanadamu, asipige magoti mbele ya kufuli.