Koti la Ami

Juzi nilipita sokoni Woolwich, nikamkuta mwanamke anauza udi. Alikuwa amechoma kipande kimoja ili wapita njia wanuse, na wengi walisimama. Mimi nilikaza mwendo, uso umeniiva kwa aibu. Ngoja nikueleze kwa nini.

Nilikuwa na miaka kumi, tunakaa Edmonton: bibi, mwanawe ambaye ni ami yangu, na mimi. Bibi hakuwa ameonja nyama ya paa tangu tulipoondoka Unguja baada ya mapinduzi. Mwaka ule alianza kuugua, na kila akiletewa sahani husema, "Ningepata kipande cha paa tu, cha kuchoma, na ndimu." Ami akamuahidi.

Kwao ami alikuwa mwindaji. Kazini alijuana na Mwingereza mwenye shamba nje ya mji, ambako paa wadogo, sawa na wetu, waliingia kula miche. Wakapatana: msimu ukifika, siku moja, mwenye shamba atapiga bunduki na ami atachinja.

Watu hudhani kuwinda ni siku ile ya bunduki. Sivyo. Ami alianza miezi miwili kabla. Kila Jumamosi tulipanda basi na mfuko wa matufaha yaliyoanza kuchacha na jiwe la chumvi, tukaviacha chini ya mti uleule, saa ileile. Na daima alivaa koti lilelile, lisilofuliwa. "Paa haamini macho, anaamini pua," aliniambia. "Akishazoea kwamba harufu hii inakuja na chakula, hatakimbia."

Koti hilo lilitundikwa mlangoni, juu ya langu la shule. Shuleni wasichana wakaanza kuziba pua nikikaa. Mmoja aliniuliza kama nyumbani tunalala na mbuzi.

Alhamisi ya wiki yenyewe ya kuwinda, bibi alimaliza kufukiza nguo za Ijumaa, akaenda kusali. Makaa yalikuwa bado yanawaka chetezoni. Nikalichukua koti la ami, nikalifukiza mpaka mifukoni. Nyumba yetu ilinukia udi siku zote, kwa hiyo Jumamosi alilivaa bila kugundua.

Ami na mwenye shamba walivizia kutwa. Paa watatu walitokeza, wakainua pua, wakarudi msituni. Jioni ami aliingia mikono mitupu, akaliweka koti mezani.

"Nani kalifukiza hili?"

Bibi alinitazama. Niliinamisha uso kwenye bakuli.

"Mimi," alisema bibi. "Nilidhani unakwenda harusini."

"Mama, miezi miwili nanuka kwa ajili yako."

"Basi nisamehe, mwanangu. Uzee huu."

Mimi nikaendelea kunywa supu.

Bibi hakuufikia msimu wa pili. Ami aliishi miaka mingi akiwasimulia wageni jinsi mama yake alivyowatilia paa udi, nami nikiwamiminia chai na kucheka nao. Sasa naye hayupo, na ile nyumba ina watu wengine. Chetezo ninacho, kabatini. Wanangu huniuliza kwa Kiingereza chao mbona hatukitumii. Huwaambia moshi unaniumiza kifua.