Jiwe la Mama Chini ya Ukingo wa Dhahabu

Nimeishi miji mingi tangu nilipotoka Uvira, na katika kila mji napenda kusimama mlangoni mwa fundi wa dhahabu. Kinachonishangaza ni wateja: wanaacha mali yao mezani na kwenda zao sokoni. Kwetu, miaka ile, dhahabu haikuachwa. Ulileta yako, ukakaa kwenye benchi mbele ya fundi, ukatazama moto mpaka amalize. Wenye haya walimleta shangazi awatazamie. Mimi nilikaa mwenyewe, goti kwa goti na fundi wa mtaa wetu wa Kasenga, macho kwenye vidole vyake.

Nilikuwa nimeleta jiwe jekundu, dogo kama punje ya mtama, kutoka kwenye hereni ya marehemu mama. Hereni ya pili ilipotea tulipokimbilia Burundi. Mama hakuniachia kitu kingine. Nilitaka liwekwe kwenye pete ya ndoa nitakayomvisha mchumba wangu, liinuliwe kwa kucha nne za dhahabu, alione hata aliyekaa benchi la mwisho kanisani.

Mchumba wangu, msichana aliyeuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, ufukweni, alicheka.

"Kucha? Minye natia mikono mu nyavu kila asubuhi. Itanasa. Na bugali je? Unga utajaa chini yake, siku moja tutakula jiwe na mboga."

"Basi tunalilaza chini," fundi akasema. "Ukingo wa dhahabu unalizunguka, na nyuma nafunga kabisa. Hata maji hayaingii, mama."

Nilikubali shingo upande. Dhahabu yangu niliiona ikiyeyuka, nikaiona ikipinda kuwa pete. Alikuwa ndiyo kwanza amelilaza jiwe mahali pake wakati risasi zilipoanza kulia upande wa milima. Ilikuwa miaka ya uasi. Hakuna aliyesubiri kuuliza nani anampiga nani. Mchumba wangu alinivuta mkono, tukakimbia. Nilipogeuka, fundi alikuwa anafunga mlango kutoka ndani.

Asubuhi tulirudi. Pete ilikuwa tayari, laini kama kokoto la ziwani. Lakini jiwe lilikuwa jeusi. Niliinua pete juani. Wekundu ulionekana kidogo tu, mbali, ndani kabisa.

"Papa, jiwe langu liko wapi?"

"Iko mu mukono yako."

"La mama lilikuwa linawaka."

"Liliwaka kwa sababu mwanga ulipita nyuma. Sasa nyuma iko dhahabu. Mulisema nifunge, nimefunga."

"Ukafanya kazi na risasi zinapita?"

"Nilikuwa chini ya meza na taa yangu. Weye ulitaka nifanye nini humo, nilale?"

Jibu lilikuja haraka mno. Nyuma ya fundi niliona kopo la vipande vya kioo, vingine vyekundu. Nikamwambia atoboe nyuma ya pete, mwanga upite, tuone. Hakubisha. Alichukua msumari wake mwembamba, na hata utiifu huo ukanitia shaka.

Mchumba wangu aliifunika pete kwa kiganja.

"Akitoboa, unga utaingia. Mwenye kuivaa ni minye."

"Na kama si lenyewe?"

"Nimeshaipenda hivi."

"Mama yangu alikuwa mmoja."

"Najua," alisema taratibu, akaivaa palepale.

Tulifunga ndoa nayo. Wiki chache baadaye tulikuwa njiani kwenda bonde la Ruzizi, tukakuta kizuizi. Askari alikuwa anashika mikono ya wanawake mmoja mmoja. Aliyetutangulia tayari alikuwa anavua mkufu. Askari alipofika kwa mke wangu, aliugeuza mkono, akalikwaruza jiwe kwa ukucha.

"Shaba na kioo," akasema, akausukuma mkono kando. "Pita, mama."

Tulipokuwa mbali, mke wangu alicheka mpaka akajishika kiuno. "Umesikia? Shaba na kioo! Imepona!"

Mimi nilikuwa nimeshakishika kidole chake, nakigeuza kuelekea jua. Akakunja ngumi.