Mwisho wa Upepo Juu ya Bati

Wakati wa vita, mpwa wangu, binti wa dada yangu, alihama kutoka Marabo akaja kuishi kwetu Ngezi. Alikuwa anamaliza masomo ya hesabu ya chuo kikuu. Walimu wa kumpima walipanga kumsikiliza akitetea kazi yake ya mwisho Jumamosi, kisha wasafiri kwa ndege ndogo, na hakuna aliyejua watarudi lini. Akikosa siku hiyo, angesubiri amani, nayo amani haikuwa na tarehe.

Kazi yake ilihusu upepo unaopita juu ya bati lililopigwa na jua. Hewa inayogusa bati haisogei. Inayofuata inajikokota, ya juu yake inakwenda kasi kidogo, mpaka ufike kwenye upepo ulio huru. Joto nalo hupungua hivyo hivyo, tabaka kwa tabaka. Nimefundisha hesabu miaka mingi na kulihudumia kanisa kama mzee wake, na bado namshukuru Mungu kwamba jambo jembamba hivyo lina kanuni.

Umeme haukuwepo. Tulikaa mlangoni na mashine ndogo ya kuhesabu inayotumia mwanga wa jua. Tulikisia jinsi joto linavyoanza kushuka pale kwenye bati, kisha tukahesabu mstari kwa mstari. Ikiwa mwishoni joto halilingani na la hewa, tunakisia upya. Kila mara kabla ya kuanza niliomba.

"Muzee," mke wangu alisema akichambua sombe, yale majani ya muhogo, "weye unaombea namba?"

"Naombea wenye kuhesabu. Namba ziko sawa tangu uumbaji."

"Basi omba kwa kifupi. Jua inazama, na ile mashini haina imani."

Ijumaa asubuhi mpwa wangu akasema, "Muyomba, imefika. Mustari wa mwisho, joto iko sawa na ya hewa."

Nilitazama safu yake. Kweli, ilifika. Lakini mistari ya mwisho ilikuwa bado inashuka kwa nguvu. Joto halimaliziki hivyo. Hufifia polepole mpaka usione tena tofauti.

"Mbona uliishia hapa?"

"Karatasi iliisha."

Maduka yalikuwa yamefungwa, nasi tulikuwa tukiandika nyuma ya karatasi za utaratibu wa ibada. Kwa kubana matumizi, aliweka mwisho wa upepo pale ukingo wa karatasi ulipokuwa. Kasi ya hewa ilikuwa karibu kutulia hapo, lakini joto la hewa hufika mbali kidogo kuliko kasi. Kwa kulibana, tulifanya upepo uonekane unabeba joto jingi kuliko ukweli.

Karatasi safi zilizobaki zilikuwa za kuandikia nyimbo za ibada ya Jumapili. Nilizichukua.

"Na watu wataimba nini?" mke wangu aliuliza.

"Wataimba kwa kichwa. Wimbo wanaoujua tangu utoto, wanahitaji karatasi ya nini?"

Alicheka, akatupatia ugali kidogo wa kugandishia. Tukaunganisha karatasi, tukakisia upya, tukahesabu. Risasi zilisikika upande wa mjini, tukahamia ndani karibu na dirisha, tukaendelea. Kabla ya jioni mistari ya mwisho ilikuwa imetulia kabisa.

Jumamosi njia ilikuwa wazi. Walimu walikaa watatu kwenye meza moja, nami nikakaa nyuma. Mwenyekiti wao alipekua kurasa, akauliza, "Unaandika kwamba upepo huru uko mbali sana na bati. Mbali sana ni wapi?"

Mpwa wangu hakunitazama. Alifungua ile karatasi, ikafunika meza na kuning'inia hadi magotini mwao.

"Ni pale ambapo nikiongeza mistari mingine, jibu la kwenye bati halibadiliki tena. Kwanza niliishia hapa," akaonyesha mahali pa kuungia, "na jibu lilibadilika. Kwa hiyo niliendelea."

Mwenyekiti alifuata safu kwa kidole mpaka chini. Akawatazama wenzake, nao wakaitikia kwa kichwa.

"Vizuri," alisema. "Sasa kunja hiyo karatasi, mama, tupate pa kutilia sahihi. Ndege haitatungoja."