Picha Iliyoombwa Mlango kwa Mlango

Wifi yangu na doa hawakai nyumba moja. Mpe shati lenye wino, grisi, damu au kutu, ataligeuza kwenye mwanga wa dirisha, atalinusa, kisha atakwambia doa limepatikana wapi na litatoka kwa dawa gani. Wateja wanamwita Nyoosha, kwa sababu nguo ikitoka mikononi mwake haina mkunjo hata kwapani, na maneno yake nayo hayana kona. Mimi ni mke wa kaka yake, napiga pasi pembeni yake tangu niolewe, kwa hiyo sina haja ya kumvika kilemba cha ukoka. Ni mbishi, hapendi kuambiwa, na akiimba tunafunga madirisha. Lakini nilichomwona akifanya mwaka jana, sijapata kukiona kwa mwanamume wala mwanamke.

Duka letu la udobi ni la baba yao. Mzee alianza kufua kwa mikono kabla mashine hazijafika mtaani, na sheria yake ni moja: doa halilali. Likilala linakuwa mali ya nguo. Ukimwaga chai mezani kwao, watu wanainuka wote na vitambaa kabla hujamaliza kusema samahani. Mwanzoni nilidhani nimeolewa na wendawazimu. Siku hizi na mimi nainuka.

Sasa kulikuwa na muuza sabuni aliyekuwa akituletea madumu yake dukani. Akaanza kuleta na maneno ya kumtaka Nyoosha. Nyoosha akamwambia sabuni peke yake inatosha. Akacheka, akarudia, akaambiwa tena, mara hii mbele ya watu. Basi akaacha kuja. Haukupita muda, mtandaoni ukafunguliwa ukurasa wenye jina la duka letu, na ndani yake picha ya Nyoosha. Uso ni wake kabisa, lile tabasamu lake la siku tuliponunua mashine mpya, ila umebandikwa juu ya mwili wa mwanamke aliye uchi. Chini wameandika kwamba mchana anafua mashuka na usiku anayachafua. Ukurasa ule ukawatumia wateja wetu picha hiyo, mmoja mmoja. Yeye mwenyewe ukamtumia ujumbe kwamba afunge duka aondoke mtaani, la sivyo zinakuja nyingine.

Ee, watu! Mwenye nyumba ya wageni akaacha kuleta mashuka. Mama mmoja akaja kuchukua mashati ya mumewe hata hayajaloweshwa, akayabeba hivyo hivyo bila salamu. Wanaume ambao hatukuwajua wakawa wanapita dukani, wanachungulia, wanatabasamu, wanaondoka. Nyoosha akahamia nyuma kwenye mapipa, kaunta akaniachia mimi. Ndipo nikajua ameumia, maana kaunta ile ilikuwa kiti chake cha enzi. Usiku hali, mchana hasemi. Nikimuuliza anataka nini, ananijibu kwamba anataka asimame pale mbele tena, mtu amtazame usoni, basi.

Alipowaeleza nyumbani, mzee hakuuliza swali hata moja. Alinyoosha mkono akaomba simu ya bintiye, akamwita mume wangu amwonyeshe pa kubonyeza, akafuta. Ujumbe ukaenda, picha ikaenda, vitisho vikaenda. Kisha akawaamuru vijana wote wa ukoo waulalamikie ukurasa kwa wenye mtandao mpaka ufungwe. Jua halijazama ukafungwa. Mzee akafuta mikono kwenye kitambaa, mikono ambayo haikuwa hata na maji, akasema limetoka. Tulikula kwa furaha siku ile.

Kumbe tumefurahi mapema. Ukurasa ulikufa, picha haikufa. Ilikuwa imeshahamia kwenye simu za watu, inatembea yenyewe. Wateja hawakurudi. Nyoosha akasema anakwenda polisi.

Hapo nyumba ikawaka moto. Shangazi yao akaja na maneno yake, anataka kujua tangu lini mtu mwenye akili akabeba aibu yake mwenyewe kwenda kuwaonyesha askari waikodolee macho. Nyoosha akamsikiliza mpaka mwisho, na hiyo peke yake ilikuwa ajabu. Kisha akamjibu taratibu.

"Uchi ule si wangu, shangazi. Uso ndio wangu, na ndio ninaoufuata."

Nikamsindikiza. Tulipelekwa chumba cha mwisho kwenye korido, wanakopokea malalamiko ya wanawake na watoto. Afande alikuwa mama mtu mzima, miwani ameipandisha kichwani, sauti yake ya chini kama ya muuguzi. Alifunga mlango. Mimi nikaanza kumwaga yote, muuza sabuni ni nani, mama yake ni nani, tabia yake tangu utotoni, hadi akaniomba kwa adabu nimwachie mwenye jambo aseme. Nyoosha akasema. Afande akatikisa kichwa.

Akatuambia kumjua mtu ni kitu kimoja na kuthibitisha kuwa ni yeye ni kingine. Akaomba kuiona picha. Hakuna. Vitisho? Vimefutwa. Jina na anwani ya ule ukurasa? Tumeuua wenyewe. Hakutukaripia, na afadhali angetukaripia. Alitueleza tu kwamba kinachofanywa kwanza ni kutojibu na kutofuta: unapiga picha ya kioo cha simu, jina la mtumaji na tarehe vionekane, unanakili anwani ya ukurasa, unakwenda kuripoti. Kuuondoa mtandaoni kunafuata baadaye. Sisi tulianzia mwisho. Familia ya madobi, doa tumeling'oa pamoja na kesi yake.

"Bado wapo waliotumiwa," akasema. "Aliyebaki nayo, aje na simu yake, aandike maelezo. Mmoja tu ananitosha kuanzia."

Njiani nilimwambia wifi yangu ukweli wangu, kwamba katika mtaa huu mtu atakubali kuwa ameiba kuku kabla hajakubali kuwa ana picha ile. Asubuhi Nyoosha akazitoa nguo za wateja zilizokuwa hazijachukuliwa, akazikunja, akaniambia nibebe nusu.

Mungu wangu, ile siku! Alibisha hodi kwa watu wale wale waliomwona vile. Anasalimia, anakabidhi nguo, kisha anawatazama machoni na kusema, kila mlango maneno yale yale: "Mlitumiwa picha yangu. Kama bado mnayo, naomba msiifute. Nisaidieni muilete polisi." Ningekuwa mimi, ningekwenda kuwatukana. Matusi nilikuwa nayo tayari, yamepangwa. Yeye anaomba, tena kwa sauti ya mtu anayeuliza kama shati litiwe wanga au lisitiwe. Nilimtazama mgongo wake nikajiuliza huyu mtu nimekaa naye miaka yote hii nikidhani namjua.

Na wao? Mwenye nyumba ya wageni aliangalia dari, akaapa hajawahi kuona kitu kama hicho, jasho linamtiririka. Mwalimu mmoja akasema aliifuta papo hapo kwa heshima yake Nyoosha. Yule mama wa mashati akafunga mlango maneno hayajaisha. Wote wameifuta kwa heshima, na heshima yenyewe imejaa mtaani inatembea. Nyoosha alimshukuru kila mmoja, akawatajia asubuhi ambayo afande alisema atatungoja, akaenda mlango unaofuata.

Habari zilimfikia mzee kabla hatujarudi. Hakugomba. Alisema tu kwamba bintiye anazidi kulitandaza doa, akaingia kwenye chumba cha pasi akakaa humo. Siku zilizofuata hakula na sisi.

Asubuhi yenyewe tulikaa kwenye benchi la korido. Kila mlango wa nje ukilia nageuza shingo. Alikuja mtu aliyepotelewa na baiskeli, wakaja wapangaji wanaogombana. Wa kwetu hakuna. Afande akatoa kichwa, akatutazama, akasema tuingie tuandike hivyo hivyo, jalada lifunguliwe, ingawa halitakuwa na miguu. Nyoosha akaingia, akakaa, mgongo umenyooka.

Tulikuwa hatujaanza, mlango ukagongwa. Mzee. Amevaa shati jeupe lililopigwa pasi ya kufa mtu, na mkononi ameshika simu yake ndogo, ameifunga kwenye leso. Mzee hana ukurasa mtandaoni, hajui hata unafunguliwaje. Simu yake ni ya kupiga, kupokea na kuletewa picha za wajukuu. Aliiweka mezani bila kumwangalia bintiye.

"Mimi nililetewa," akasema. "Wa kwanza, kabla ya watu wote."

Afande akafungua leso, akawasha simu, akafungua ujumbe. Alisoma, akashusha miwani kutoka kichwani, akasoma tena. Mzee hakuwa mtandaoni, kwa hiyo mtumaji alilazimika kumtumia kwa laini ya simu. "Hii imetoka kwenye namba," afande akasema, "na namba ina mwenyewe." Namba ile ndiyo iliyokuja kumtoa muuza sabuni mafichoni, na leo anajieleza mbele ya hakimu. Lakini wakati ule hakuna aliyekuwa anamfikiria yeye.

Maana afande alisema inabidi mzee aandikishe maelezo: ameona nini, na anamtambua nani. Huyu ni mtu anayekohoa kabla ya kuingia sebuleni kwake mwenyewe, asije akawakuta mabinti zake hawajajitanda vizuri. Nikataka kutoka nje. Lakini nikabaki.

Akasema uso ni wa binti yake na mwili si wake. Akasema aliiona mara moja tu, akaizima simu na kuitia kwenye droo. Ya bintiye aliweza kuifuta kwa kuwa mwanawe wa kiume alimshikia simu, naye mzee akageuza macho. Hii yake, kuifuta kulitaka aifungue tena peke yake, na hilo lilimshinda.

Afande akamuuliza kwa upole kwa nini hakusema siku zote zile, binti yake anazunguka milango ya watu kuomba.

Mzee aliangalia meza. "Nilidhani nikinyamaza, hatajua kwamba nimeona."

Nyoosha akasimama. Nilidhani anatoka. Akakivuta kiti chake kukizunguka meza, akakiweka ubavuni kwa baba yake, akakaa bega kwa bega naye, akamtazama usoni.

"Sasa najua, baba," akasema. "Mwambie afande yote."