Uzi wa Mifuko ya Ngano

Juzi nilishuka mjini, Mazwi, kumnunulia mjukuu sare, nikavuta mshono palepale dukani. Muuzaji akasema, "Bibi, utaichana." Nikamwambia mshono usiovumilia kuvutwa si mshono. Hilo nimelijua tangu nina miaka kumi na sita, na wewe nitakueleza nilivyolijua, ingawa halinipi sifa.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, vita vya Kagera vimeanza. Huku kwetu Mollo hatukusikia bunduki. Vita tulivijua kwa kukosa sabuni, chumvi na uzi. Banda la ushonaji la kijiji lilikuwa na cherehani moja, na aliyekalia kiti chake ni dada yangu. Mimi nilipiga pindo kwa mkono na kufumua uzi wa midomo ya mifuko ya ngano, ule unaochomoka mrefu bila kukatika. Kila uzi niuvute kwa meno kwanza, ndipo niukunje kijitini. Mama mmoja wa kijijini aliyetufundisha kushona alisema, "Uzi mbovu ni kama mgambo mwoga, utakukimbia mbele ya watu."

Nilikitaka kile kiti kuliko nyama. Dada akikanyaga, banda zima linalia takatakataka, mpaka akina mama wanaopepeta ulezi nje wanakata mazungumzo. Mimi na pindo zangu nani alinisikia?

Mwalimu wa shule ya kijiji alipoitwa vitani, dada akapewa kumshonea shati. Mfuko mmoja ulikuwa umelowa mvua, uzi wake unanuka uvundo. Sikuuvuta. Nikampa.

"Umeuvuta, mdogo wangu?"

"Nimeuvuta, dada."

Siku ya kuwaaga waliokwenda vitani, mwalimu akainua mkono kutupungia, shati likafumuka kutoka kwapani hadi kiunoni. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mwenyekiti akasema dada ameaibisha kijiji, na siku ileile kiti kikawa changu.

Lakini dada alikuwa ameshachukua sindano, anamshona mwalimu shati likiwa mwilini. Mwiko wa pale bandani, ukishonwa hivyo unauma kipande cha uzi, usije ukashonwa pamoja na akili yako. Mwalimu akauma uzi wake, anamtazama dada utosini. Niliyaona yale macho. Hakuna aliyewahi kunitazama hivyo, si kwenye cherehani wala popote.

Aliporudi kutoka vitani alimwoa.

Sasa banda ni shamba la mahindi, cherehani iliuzwa kama chuma chakavu, na mama aliyetufundisha hata kaburi lake sijui nani analipalilia. Dada tulimzika mwaka juzi. Sikuwahi kumwambia. Mwalimu, mzee wa mkongojo, alipiga magoti udongoni akamwita kwa jina lake la utoto, taratibu, kama anamwamsha. Wanawake wakanishika mabega, wakidhani nalia uchungu wa ndugu. Nilikuwa namwonea wivu aliyelala ndani ya jeneza.